Kopo la Tab ni la mwaka gani? Usianze na nembo

Wakusanyaji wa makopo ya soda ya zamani hunitumia picha wakiuliza mwaka, na karibu picha zote ni za upande wenye nembo. Kwangu nembo ni shahidi dhaifu. Kampuni inaweza kung'ang'ania mchoro mmoja miaka mingi, kisha ikaurudisha baadaye ili kuuza kumbukumbu.

Tuchukue Tab, soda isiyo na sukari ambayo Coca-Cola waliitoa Marekani mwaka 1963 na kuachana nayo 2020. Geuza kopo uangalie juu. Kama ni bapa na lina matundu ya pembetatu, lilitobolewa kwa kifungulio. Kama lina pete ya kuvuta ikang'oka yote, hiyo ni kazi ya Ermal Fraze wa Dayton, Ohio, iliyoingia sokoni kwenye bia mwaka 1962 kabla ya kuenea kwenye soda. Ulimi unaobaki kwenye kopo ulikuja 1975. Watu walikuwa wamechoka kukanyaga vile vipete ufukweni, na Oregon ilikuwa imeshavipiga marufuku.

Kisha pitisha kidole ubavuni. Ukigusa mshono, una kopo la chuma la vipande vitatu: bati lililokunjwa, kitako na kifuniko. Sumaku italinasa. Karibu na mshono tafuta alama ndogo ya American Can au Continental Can. Hao ndio waliotengeneza kopo; aliyelijaza soda ni mwingine, na jina lake huandikwa pamoja na mji wake. Mji ukifuatwa na tarakimu tano za msimbo wa posta, kopo haliwezi kuwa la kabla ya Julai 1963, maana ndipo misimbo hiyo ilipoanza. Zikikosekana, usihitimishe kitu: wengi walichelewa kuziandika.

Mimi hukaa zaidi kwenye viambato, hata kama ni lazima nitumie kioo cha kukuzia. Tab ya mwanzo ilitiwa utamu kwa saiklameti na sakarini. Oktoba 1969 serikali ya Marekani ilitangaza kuondoa saiklameti kwenye vinywaji, baada ya majaribio ya panya kuleta hofu ya saratani. Kwa hiyo neno hilo moja, likiwa pamoja na msimbo wa posta, linakubana kati ya 1963 na mwanzoni mwa 1970. Ukikuta onyo kwamba sakarini imesababisha saratani kwa wanyama wa maabara, umeshavuka 1977, mwaka sheria ya onyo hilo ilipopitishwa. Mistari ya bei inayosomwa na mashine nayo ilianza kutumika dukani Juni 1974, huko Troy, Ohio.

Kifuniko kikipingana na maandishi, yaamini maandishi kwanza. Vifuniko vilibanwa kiwandani baada ya soda kujazwa, kutoka kwenye shehena yoyote iliyokuwepo ghalani.