Kompyuta inazima ghafla na faili za mfumo zinaharibika: anza na umeme, sfc baadaye

Mtu akilalamika kuwa Windows yake imeharibika baada ya kuzimika ghafla, jibu la kwanza atakalopewa ni sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua na kutengeneza faili za mfumo. Amri yenyewe ni nzuri, ila huja mapema mno. Kutengeneza faili za mfumo kwenye mashine ambayo bado inazima hovyo ni kutwanga maji kinuni: faili mpya zinapita kwenye RAM ileile na kuandikwa kwenye diski ileile, kwa umeme uleule ulioziharibu za mwanzo. Ikizima katikati ya matengenezo, unabaki na uharibifu mkubwa kuliko ulioukuta. Mimi hutafuta kwanza kwa nini inazima, na siandiki chochote kwenye diski hadi nijue. Nakala za data za mwenye mashine huzitoa siku ya kwanza, ama kwa kuichomoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine, ama kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi.

Faili inaharibikaje umeme ukikatika?

Programu inapohifadhi faili, Windows huipokea kwenye RAM, huiambia programu kwamba kazi imekwisha, kisha huiandika kwenye diski muda mfupi baadaye. Diski nayo ina kashe yake ya ndani, yaani kumbukumbu ndogo ya muda, na SSD nyingi za kawaida hazina kapasita (vifaa vidogo vya kutunza chaji) za kuilinda kashe hiyo umeme unapopotea. NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga faili kwenye diski, ina daftari la mabadiliko linaloitwa $LogFile, lakini humo huandikwa habari za faili tu, yaani jina, ukubwa na mahali ilipo. Yaliyomo ndani ya faili hayamo.

Matokeo yake ni faili ya ajabu kidogo. Ukiitazama kwenye folda, jina ni sahihi, tarehe ni sahihi, ukubwa ni sahihi, tuseme KB 48. Ukiifungua kwa programu ya kusoma heksa unakuta 00 00 00 00 kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukubwa uliwahi kuandikwa. Maandishi yenyewe yalikuwa bado kwenye RAM. Ukikuta faili kadhaa za namna hii zenye tarehe ya dakika zilezile za kuzimika, umeshajua kilichotokea, wala usipoteze muda kutafuta kirusi.

Faili za rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, zina ulinzi zaidi. SYSTEM, SOFTWARE na wenzake walio kwenye C:\Windows\System32\config huandikwa kwanza kwenye faili za .LOG1 na .LOG2 kabla ya kubadilishwa zenyewe. Kichwa cha kila faili kina namba mbili za mfuatano. Zikitofautiana, Windows inajua kazi iliachwa njiani na huikamilisha kwa kusoma faili hizo za .LOG. Kwa hiyo kuzimika mara moja ni nadra kuua rejista. Kinachoiua ni kuzimika tena na tena, hasa wakati Windows inawaka na inajaribu kujirekebisha. Faili ya rejista isiyoharibika huanza na herufi nne: regf. Ukikuta sifuri mahali pake, faili hiyo imekwisha.

Soma kumbukumbu za matukio kabla ya kufungua kasha

Bila kumbukumbu hizi ni kupiga ramli. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, bonyeza Filter Current Log na uandike namba hizi kwenye kisanduku cha Event ID: 41,6008,1074,1001,7,51,55,129,153.

Tukio 41 la Kernel-Power ndilo linalowatisha watu, na ndilo linaloeleweka vibaya. Huandikwa mashine inapowaka tena, na maana yake ni kwamba safari iliyopita haikufungwa vizuri, basi. Lenye thamani liko kwenye kichupo cha Details. BugcheckCode, yaani namba ya kosa la skrini ya bluu, ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuonyesha skrini ya bluu: umeme umepotea, joto limepita kiasi, au mashine iliganda kabisa ikazimwa kwa kidole. Ikiwa namba nyingine, kumbuka imeandikwa kwa desimali, nawe utafute heksa yake: 159 ni 0x9F, draiva iliyokwama kwenye hali za umeme, 292 ni 0x124, hitilafu ya maunzi, 26 ni 0x1A, usimamizi wa kumbukumbu, 122 ni 0x7A, mfumo umeshindwa kusoma kitu kutoka kwenye diski. Hapohapo utaona PowerButtonTimestamp. Ikiwa si sifuri, kitufe cha kuwashia kilibonyezwa, na hilo halina maana kwamba kuna mtu aliyekibonyeza. Kitufe kilichonasa kwenye kasha kikishikilia kwa sekunde nne hivi, mashine huzima. Chomoa waya wake kwenye ubao mama, washa kwa kugusisha kwa bisibisi pini mbili ulikochomekwa, uone kama ugonjwa umeondoka.

Tukio 6008 linataja saa ya kuzimika. Ziorodheshe saa hizo. Zikiwa jioni tu, au dakika kumi baada ya kuanza kazi nzito, orodha hiyo peke yake imekupa nusu ya jibu. Tukio 1074 linasema programu gani iliamuru kuzima, kwa hiyo ukilikuta pale, hukukatikiwa umeme. Kuna sasisho au programu iliyojifanyia maamuzi.

Kwenye Linux, amri journalctl -b -1 -e inakuonyesha mwisho wa safari iliyopita. Kumbukumbu ikikatika tu, bila mistari ya huduma kufungwa moja baada ya nyingine, ni umeme au joto.

Umeme

Ikiwa BugcheckCode ni 0, mimi huanza na pawa saplai. Vipimo vya ATX, kiwango cha pawa saplai za kompyuta za mezani, vinaruhusu asilimia 5 juu au chini: waya wa njano wa volti 12 uwe kati ya 11.40 na 12.60, mwekundu wa volti 5 uwe kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa wa 3.3 uwe kati ya 3.14 na 3.47. Pima mashine ikiwa kazini, kwa kuingiza ncha ya multimita upande wa nyuma wa plagi ya pini 24, ncha nyeusi ikiwa kwenye waya mweusi. Kipimo cha mashine iliyotulia hakina habari yoyote. Pawa saplai ambazo nyaya zake zote ni nyeusi zitakulazimu kuhesabu pini.

Kipimo kikiwa kizuri, usiitoe hatiani bado. Multimita ni nzito; volti ikishuka kwa milisekunde tano, haioni kitu, lakini ubao mama unaona. Pini ya 8, waya wa kijivu, hubeba ishara ya kuuambia ubao mama kwamba umeme ni salama. Ishara hiyo ikishuka, ubao mama unaisimamisha mashine papo hapo, na Windows haiambiwi lolote.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hawakiangalii: pawa saplai inaweza kushikilia kwa muda gani baada ya umeme wa ukutani kupotea. Vipimo vya ATX12V vya toleo la 2 vinadai angalau milisekunde 17 kwa mzigo kamili. Wimbi moja la umeme wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Yaani hata pawa saplai mpya huenda isivuke wimbi zima lililokosekana ikiwa mzigo umejaa. Kapasita kubwa ya ndani ikizeeka, muda huo unapungua zaidi, na dalili yake ni hii: taa zinapepesa kidogo, kompyuta nyingine zinaendelea, hiyo moja inajiwasha upya. Dawa ni kubadilisha pawa saplai au kuweka UPS ambayo betri yake ni nzima. Kuifungua pawa saplai yenyewe sikushauri. Kapasita hiyo hukaa na volti zinazokaribia 400 na haimwagi chaji kwa sababu tu umechomoa waya.

Mashine inayozima kisha ikagoma kuwaka hadi uchomoe waya wa ukutani kwa sekunde kadhaa inaelekeza kwenye ulinzi wa pawa saplai uliojifunga: mzigo umezidi au kuna shoti mahali. Chomoa kadi ya picha na diski za ziada, jaribu tena, rudisha kimoja kimoja. Angalia pia plagi ya pini 8 ya prosesa; plastiki iliyobadilika rangi karibu na pini ni mguso uliolegea na kupata moto.

Kipimo cha uhakika kuliko vyote ni kuazima pawa saplai nyingine nzima na kufanya kazi nayo siku mbili.

Kwenye laptopu, endesha powercfg /batteryreport ulinganishe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha asilimia 30 na kuzima sekunde inayofuata. Jaribu kutumia chaja peke yake, betri ikiwa imetolewa kama inatoka, huku ukitikisa taratibu kichwa cha chaja kwenye tundu lake.

Betri ndogo ya CR2032 husingiziwa sana. Ikiisha inapoteza saa na mipangilio ya BIOS, lakini haizimi kompyuta inayofanya kazi.

Joto

Hapa hakuna mafumbo. Fungua programu ya kuonyesha joto, ipe prosesa mzigo kwa OCCT au Prime95, utazame. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100. Zikizidi hapo sana zinazima bila kuaga. Joto likiruka hadi 95 ndani ya sekunde chache, kipoza hakijagusa prosesa vizuri au pesti ya kupitisha joto kati yao imekauka. Likipanda polepole kwa dakika kumi, ni vumbi au feni. Unapopuliza vumbi, zuia feni isizunguke.

Diski na RAM: wahalifu ambao hawahitaji kuzima mashine

Hili ndilo linalowachanganya wengi, maana sababu na matokeo hubadilishana nafasi. Kuzimika kunaharibu faili, sawa. Lakini diski mbovu nayo inaharibu faili, kisha mfumo ndio unaoanguka.

Soma SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia, kwa CrystalDiskInfo au smartctl -a. Kwenye diski za SATA tazama namba 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka. C5 ikiongezeka kati ya leo na kesho, diski inakufa, na usiiendeshee chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Kwanza toa nakala yake nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. C7 (makosa ya mawasiliano kwenye kebo) ikipanda, badilisha kebo ya data kabla ya kulaumu diski. Kwenye NVMe, yaani SSD zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, kuna hesabu inayoitwa Unsafe Shutdowns: mara ambazo diski imekatikiwa umeme bila taarifa. Ilinganishe na idadi ya matukio 41. Zikienda pamoja, mashine nzima inapoteza umeme. Hesabu ya diski ikipanda bila tukio 41, diski pekee ndiyo inayokatikiwa: skrubu iliyolegea, mguso mbaya, au, kwa diski za SATA, namba C0 ikipanda hivyohivyo, kebo ya umeme. Matukio 129 na 153 mara nyingi huambatana na hali hii.

RAM ipime kwa Memtest86+ usiku mzima. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Zima XMP (mpangilio wa BIOS unaoongeza kasi ya RAM) upime tena kabla ya kununua nyingine. Dalili ninayoiamini sana: unaendesha sfc mara tatu, na kila mara inataja faili tofauti. Diski inapoharibika huharibu palepale. RAM huharibu popote.

Sasa tengeneza

Mashine ikimaliza siku mbili au tatu za kazi nzito bila kuzima, fungua Command Prompt kama msimamizi:

chkdsk C: /scan
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza ikikuta makosa isiyoweza kuyarekebisha, endesha chkdsk C: /f na uwashe upya. Mpangilio wa hizo mbili nyingine una sababu. sfc huchukua faili nzima kutoka kwenye ghala la WinSxS, na kuzimika kunaweza kuwa kumeharibu ghala lenyewe, hasa kama kulitokea katikati ya sasisho. DISM hutengeneza ghala, ndipo sfc inapata pa kuchota. DISM inaweza kusimama kwenye asilimia moja kwa dakika nyingi, iache. Kama sfc inasema imeshindwa baadhi, majina yako kwenye C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, kwenye mistari yenye [SR].

Windows isipowaka, ingia mazingira ya uokoaji kwa flashi ya kusakinisha. Hakikisha kwanza herufi ya diski yenye Windows kwa dir C: na dir D:, kwa sababu huko hubadilika. Kisha:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Maelekezo mengi bado yanakutuma kunakili rejista kutoka folda ya RegBack. Tangu Windows 10 toleo la 1803 folda hiyo haijazwi tena yenyewe, na ukinakili faili za ukubwa wa sifuri juu ya rejista iliyopo umeua kilichobaki. Angalia ukubwa kwa dir kabla ya kugusa.

Mwisho, kwenye Device Manager fungua sifa za diski, kichupo cha Policies, uhakikishe kisanduku cha kuzima umwagaji wa kashe (Turn off Windows write-cache buffer flushing) hakina alama. Kuna wanaokiwasha ili kupata kasi. Halafu andika hesabu ya Unsafe Shutdowns ya siku hiyo kwenye karatasi na uibandike ndani ya kasha. Baada ya wiki mbili isome tena. Ikiwa imepanda na hakuna aliyezima kwa kidole, rudi kwenye pawa saplai.