Si kila asidi kali huila shaba

Dhana: Asidi ikiwa kali vya kutosha, huyeyusha metali yoyote.

Ukweli: Tumbukiza kipande safi cha shaba kwenye asidi haidrokloriki uone: hakuna mapovu, shaba imetulia. Metali haiyeyuki mpaka kipatikane kitu cha kuipokonya elektroni, na ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidrojeni zilizomo ndani ya asidi, zinazoimudu zinki na chuma, kwa shaba hazifui dafu. Tia matone machache ya haidrojeni peroksidi, na baada ya muda mmumunyo huanza kuwa kijani, kwa kuwa mpokonyaji amepatikana. Asidi naitriki haihitaji msaidizi; huila shaba yenyewe huku ikitoa moshi wa kahawia wenye sumu, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa ndani ya kabati la kufyonza hewa tu.

Dhahabu huishinda hata naitriki. Changanya sehemu 3 za haidrokloriki kolevu (isiyozimuliwa kwa maji) na sehemu 1 ya naitriki kolevu, nayo husalimu amri: naitriki hupokonya elektroni, kloridi iliyomo ndani ya haidrokloriki hukamata ayoni za dhahabu zisirudi kuwa metali. Mchanganyiko huo usiufungie kwenye chupa. Huendelea kutoa gesi, na chupa hupasuka.

Dhana: Asidi kolevu hula metali kuliko iliyozimuliwa.

Ukweli: Naitriki iliyozimuliwa hula chuma vizuri. Ile kolevu hukivika utando mwembamba wa oksidi, na shughuli ikaishia hapo. Risasi nayo, ndani ya asidi salfuriki, hujifunika salfeti isiyoyeyuka. Ndiyo maana hudumu ndani ya betri ya gari.

Dhana: Chumvi ikigoma kuyeyuka, pasha moto na ukoroge.

Ukweli: Kukoroga huongeza kasi, hakuongezi kikomo. Gramu 100 za maji ya nyuzi 25 hupokea takriban gramu 36 za chumvi ya kawaida. Yakichemka, kama 39 tu. Naitreti ya potasiamu, chumvi nyingine, ndiyo inayosikia moto: gramu 32 kwa nyuzi 20, zaidi ya 240 kwa nyuzi 100.

Kloridi ya fedha, nayo chumvi, ni kaidi zaidi, miligramu 2 hivi kwa lita nzima. Lakini mimina amonia, na mashapo meupe hutoweka, kwa kuwa amonia huzikamata ayoni za fedha. Ukimaliza, tia asidi naitriki iliyozimuliwa papo hapo. Mmumunyo huo ukiachwa ukae huweza kutoa mashapo yanayolipuka.

Kinyume chake pia hutokea. Dondoshea haidrokloriki kolevu kwenye maji yaliyoshiba chumvi: kloridi huzidi, na fuwele nyeupe huanza kushuka chini ya bilauri.