Kusoma Kigiriki na Kilatini: ukihitimu unakwenda wapi?

Nafundisha lugha na historia ya Wagiriki na Warumi wa kale chuo kikuu, na wazazi huniuliza swali lile lile: mtoto akimaliza, nani atamwajiri? Wana haki ya kuuliza. Jibu langu huanzia kwenye kile tunachofanya darasani.

Tunasoma polepole sana. Katika Kilatini, mwisho wa nomino ndio unaoonyesha nani katenda na nani katendwa, na kitenzi mara nyingi hukaa mwishoni mwa sentensi. Kubahatisha hakusaidii. Tena maandishi yenyewe yametufikia na majeraha: mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, yaliyochanika, nakala zilizoandikwa kwa mkono karne hadi karne, hii ikipingana na ile. Kutwa tunabishana mwandishi aliandika nini hasa, na kila anayedai jambo hudaiwa ushahidi.

Dillwyn Knox, msomi Mwingereza wa Kigiriki cha kale, alipikwa na kazi hiyo. Alihangaika miaka mingi na vipande vya mafunjo vyenye mashairi ya Herodas, mshairi wa Kigiriki wa kale, na jicho hilo hilo akalitumia kufumbua mawasiliano ya siri ya adui katika vita vyote viwili vya dunia. John Chadwick, msomi mwingine wa fani hii, naye alifumbua misimbo Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua siri za adui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye akashirikiana na Michael Ventris, msanifu majengo aliyegundua mwaka 1952 kwamba Linea B, mwandiko wa kale wa Krete na Ugiriki, ulikuwa Kigiriki. Tony Hoare alisoma fani hii pamoja na falsafa Oxford, kisha akabuni kwikisoti, mbinu ya kompyuta ya kupanga data, na mwaka 1980 akapewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta. Huyu napenda kumtaja kwa wazazi wanaodhani sayansi na lugha za kale haziketi pamoja.

Wengi huishia kwenye sheria, uandishi wa habari, utumishi wa umma, makumbusho au ualimu. Uhadhiri una nafasi chache mno, hilo silifichi.

Kama hukusoma Kilatini sekondari, usikate tamaa. Hata Oxford na Cambridge zina njia ya kuanzia sifuri. Ila ukiwa na ndoto ya uzamivu, anza lugha zote mbili mapema, kisha jifunze kusoma Kijerumani na Kifaransa, kwa sababu sehemu kubwa ya utafiti wa fani hii imeandikwa humo.