Kabla ya kuchaji gari la umeme nyumbani, soma mita yako

Swali tunaloulizwa zaidi na wakazi wa Mbeya na Iringa ni hili: "Nikinunua gari la umeme, ni lazima nivute njia tatu?" Kwa nyumba nyingi jibu ni hapana.

Umeme wa njia moja una volti 230. Njia tatu ni laini tatu za aina hiyo hiyo, zenye volti 400 kati ya laini na laini. Mwenye mashine ya kukoboa anazihitaji kwa sababu mota yake imetengenezwa kwa njia zote tatu. Gari lina hesabu zake. Kasi ya kuchaji nyumbani huamuliwa na chaja iliyofungwa ndani ya gari lenyewe, na Nissan Leaf za mwanzo kutoka Japani hupokea njia moja tu. Ukilipia njia tatu kwa ajili ya gari kama hilo, mbili zitabaki zikiangalia.

Kujua ulichonacho, usihesabu nyaya zinazotoka kwenye nguzo, maana kebo moja inaweza kuficha nyaya mbili. Soma maandishi ya mita. Ya njia tatu huandikwa 3x230/400V. Ukikuta 5(60)A, namba ya kwenye mabano ndiyo ampea za juu kabisa ambazo mita inahimili.

Sasa tuje kwenye soketi, ambako ndiko kwenye hatari hasa. Birika huvuta umeme mwingi kwa dakika chache, kisha huzima. Gari lililochomekwa kwenye soketi ya kawaida huvuta kama ampea 10, yaani kilowati 2.3, na betri ya kilowati-saa 24 iliyokwisha itahitaji zaidi ya saa 10. Skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, ambayo pasi haijawahi kuilalamikia, itapata moto usiku kucha hadi plastiki ianze kuyeyuka. Shika plagi baada ya saa moja: uvuguvugu si neno, lakini ikikuunguza, chomoa. Na ekstensheni ya sokoni, tena ikiwa bado imeviringishwa, isitumike kabisa.

Afadhali fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye sakiti breka. Kwa chaja ya ukutani ya ampea 32, ambayo ni kama kilowati 7, waya wa shaba usipungue milimita 6 za mraba, na uongezwe unene ikiwa gari linalala mbali na nyumba. Iwepo swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30, na erthi iliyopimwa kwa kifaa. Erthi iliyopimwa masika inaweza kukusaliti Oktoba, udongo ukishakauka.

Halafu kuna shawa ya umeme. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai inaijua kila mtu, na shawa moja yaweza kula kilowati 5. Ukioga huku chaja ya kilowati 7 ikifanya kazi, unavuta zaidi ya ampea 50 kabla hujagusa jiko. Panga gari lichajiwe usiku wa manane.

Kwa wateja wa TANESCO walio kwenye kundi la D1, lenye bei nafuu hadi uniti 75 kwa mwezi, gari dogo hutumia kama uniti 15 kwa kilomita 100. Kilomita 500 tu zinamaliza uniti zote 75, taa na friji bado hazijahesabiwa. Piga hesabu yako kwa bei ya kawaida.

Wa Iringa mjini wana jambo lao. Gari la umeme likiteremka hurudisha umeme kwenye betri, na huko kurudisha ndiko kunakosaidia kulipunguza mwendo. Betri iliyojaa haina pa kuupokea. Ukitoka Gangilonga asubuhi na chaji asilimia 100 ukiteremka kuelekea Ipogolo, gari halitajizuia kama ulivyozoea, kwa hiyo mguu uwe karibu na breki. Au acha kuchaji ikifika asilimia 80 au 90, nafasi ibaki.