Nusu Marathoni Yako Ina Kilomita Ngapi Hasa?

Mwaka 1981 Mmarekani Alberto Salazar alimaliza marathoni ya New York kwa saa 2:08:13, ikatangazwa kuwa rekodi ya dunia. Baadaye njia ilipimwa upya, ikakutwa imepungua takriban mita 150. Kwa kasi yake hiyo ni karibu nusu dakika, na rekodi ikapotea. Mwaka 1989 Juma Ikangaa wetu akashinda huko huko kwa 2:08:01, safari hii kwenye kilomita 42.195 kamili.

Kazi yangu ni kupima njia za mbio, na waandaaji huwa nawaanzia na kisa hicho. Salazar alikimbia pale alipoelekezwa. Kosa lilikuwa la kipimo.

Dashibodi ya gari haifai kwa kazi hii, wala saa ya mkononi inayosoma setilaiti. Saa hukisia mahali ulipo tena na tena, kisha huunganisha nukta hizo, na karibu na maghorofa hupotea zaidi. Ndiyo maana watu wawili waliokimbia bega kwa bega hupata namba tofauti.

Kifaa kinachokubalika duniani ni baiskeli. Kwenye gurudumu la mbele hufungwa kaunta ya Jones (kihesabio cha mizunguko ya gurudumu), iliyobuniwa Marekani mwaka 1971, ambayo kila hesabu yake ni takriban sentimita 9 za barabara. Lakini baiskeli yenyewe lazima ipimwe kwanza. Tunatafuta kipande cha barabara kilichonyooka na tambarare, tunakipima kwa tepu ya chuma, angalau mita 300, kisha tunakiendesha mara nne na kuandika hesabu. Tepu hutengenezwa iwe sahihi kwenye nyuzijoto 20. Dar es Salaam ikiwa nyuzi 32, chuma hutanuka, na kwenye mita 300 kosa ni kama sentimita 4. Ukizipuuza, hadi mwisho wa marathoni zimeshakuwa karibu mita 6, kwa hiyo tunazirekebisha kwa hesabu. Tairi nalo lina tabia hiyo: jua likipanda hujaa, gurudumu linakuwa kubwa kidogo, na kaunta inahesabu pungufu. Kwa hiyo tukimaliza njia tunarudi kwenye kile kipande na kukiendesha tena mara nne.

Jambo linalobishaniwa zaidi ni mstari wa kupita. Hatupimi katikati ya barabara. Tunapima njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaruhusiwa kupita: sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, kisha moja kwa moja hadi kona inayofuata, hata kama mstari huo unakatiza barabara nzima. Mkimbiaji anayezunguka kona kwa nje ataongeza mita zake mwenyewe, na hapo saa yake itasoma kilomita 21.3 badala ya 21.1 za nusu marathoni. Njia haijamdhulumu. Kwa kuwa mstari huo hutupeleka upande wa magari yanayotujia, tunapima alfajiri, Jumapili ikiwezekana, tukisindikizwa na trafiki. Naomba waandaaji wasilichukulie hilo kama urasimu. Ni uhai wa mtu aliye juu ya baiskeli.

Juu ya yote huongezwa mita 1 kwa kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni, ili njia isije ikawa fupi hata kipimo kikiteleza kidogo.

Cheti cha kipimo cha njia hudumu miaka 5, mradi njia isibadilishwe. Kwa rekodi yapo masharti mengine: mwanzo na mwisho visiachane, kwa mstari ulionyooka, zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, na mteremko usizidi mita 1 kwa kilomita. Njia ya marathoni ya Boston, Marekani, haitimizi masharti hayo, ndiyo maana 2:03:02 ya Mkenya Geoffrey Mutai mwaka 2011 haikuwa rekodi ya dunia, ingawa ilikuwa chini ya muda uliokuwa ukishikilia rekodi.

Mwanzo, mwisho na mahali pa kugeukia huwekewa msumari kwenye lami, na ripoti huandika umbali wake kutoka nguzo ya umeme au daraja lililo karibu. Basi siku ya mbio, kabla geti la kuanzia halijasimamishwa, mtu mmoja aende na ripoti hiyo mkononi autafute msumari. Geti likisogezwa mita 20 kufuata kivuli cha jukwaa la mdhamini, umbali ulioandikwa kwenye cheti si ule watakaokimbia watu.