1.4 na 5.9 ni ini lilelile

Huyu alikuwa wa tatu mwezi huu. Mzee wa Tandahimba, mkulima wa korosho mwenye homa ya ini B, aliniwekea mezani karatasi mbili za kipimo cha ugumu wa ini: moja ina 1.4, nyingine 5.9, zimepishana wiki tatu. “Dokta, ini limekuwa gumu mara nne. Dawa ya mizizi nimeshaanza kunywa.” Nilipomwambia namba zote mbili zinasema jambo moja, alinitazama kama anavyomtazama karani wa mizani ghalani msimu wa mauzo.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba ugumu wa ini ni kama kilo, na mizani miwili ikitofautiana, mmoja unaiba.

Mashine zinazotoa namba hizi hazipimi ini kwa kulibonyeza. Hulitikisa, kisha ultrasaundi inatazama mtikisiko ule unakwenda kasi gani. Gonga sahani yenye jeli uone linavyotambaa wimbi lake; jeli ikiwa nzito, wimbi linapita haraka. Sauti ya ultrasaundi hukimbia mwilini kama mita 1,540 kwa sekunde. Mtikisiko huu hujikokota, mita 1 na kitu kwenye ini lenye afya, na makovu yakizidi unaongeza mwendo. Kinachopimwa ni mwendo huo tu. Kuna mashine inayouandika ulivyo, kwa mita kwa sekunde. Nyingine huugeuza kuwa kilopaskali, kizio cha ugumu: mwendo unazidishwa kwa wenyewe, halafu mara 3. Sasa chukua 1.4 ya mzee. Mara 1.4 ni 1.96, mara 3 ni 5.88. Ile 5.9 ndiyo hiyohiyo! Mizizi ameinywa bure, na mizizi mingine huliumiza ini kweli.

Hata kilopaskali zenyewe si za baba mmoja. Elastografia ya MRI, yaani upimaji wa ugumu kwa mashine ya sumaku, huripoti kipimo kingine cha ugumu ambacho kwa hesabu ni kama theluthi ya kile cha ultrasaundi. Kwa hiyo 4 ya FibroScan, mojawapo ya mashine za ultrasaundi, ni ini la kawaida, ilhali 4 ya MRI ni makovu yaliyokwishasonga mbele. Isitoshe kila mashine hutikisa kwa mpigo wake: FibroScan mara 50 kwa sekunde, MRI kwa kawaida mara 60, na zile zinazosukuma tishu kwa mwale wa sauti hutumia mipigo ya haraka zaidi. Ini si mpira mtupu, lina unato ndani yake, na ukilitikisa upesi zaidi hujionyesha gumu zaidi. Ndiyo maana kila mashine ina mipaka yake ya kusomea, na anayefuatilia ini lake mwaka hadi mwaka arudi kwenye mashine ya aina ileile.

Wauguzi wananitania kwa wimbo wangu huu, nami sitauacha: karatasi isiyo na jina la mashine, kizio, na muda uliopita tangu ulipokula, mrudishie aliyekupa aijaze.

Habari ya kula si utani. Chakula huongeza damu inayopita kwenye ini na namba inapanda, ndiyo sababu tunataka walau masaa 3 bila kula. Mtu katoka Newala alfajiri, kafika stendi kanywa supu na chapati mbili, ananiapia hajala “chakula”.

“Namba kubwa ni sirosisi”, yaani ini lililokwishajaa makovu. Si lazima. Mwongozo wa WHO wa 2024 kuhusu homa ya ini B huchukulia zaidi ya kilopaskali 7 kuwa dalili ya makovu ya maana, na zaidi ya 12.5 kuwa sirosisi, kwa kipimo cha aina ya FibroScan. Lakini ini lenye uvimbe mkali, moyo ulioshindwa kusukuma damu, au njia ya nyongo iliyoziba, vyote hupandisha namba bila kovu jipya.

Mashine za namna hii hupima titi na tezi ya shingo pia, na huko nako nasikia: “Kigumu kwenye titi ni saratani.” Kuna uvimbe mgumu usio saratani na kuna saratani laini. Jibu linatoka kwenye biopsi, yaani kipande cha nyama kinachotolewa na kupimwa.

“Kandamiza, Dokta, uone vizuri.” Nikikandamiza titi au tezi, ugumu nitakaousoma nimeutengeneza mwenyewe.

“Mionzi je?” Kwenye ultrasaundi hakuna. Ni sauti.

Swali zuri huulizwa mara chache: nitajuaje mashine yako haijaharibika? Kuna fantomu, yaani bonge la kitu laini kama tishu ambalo ugumu wake unajulikana. Za kiwandani ni ghali, kwa hiyo kati ya ukaguzi na ukaguzi mimi hupika yangu ya gelatini, kipimo kilekile cha unga, muda uleule. Haithibitishi namba, hunionyesha tu kama mashine imehama. Kuna anayenishauri nitumie agari, jeli ya mwani, nijitolee kwenye mwani wa pwani yetu, nami nimechoka kueleza kwamba huu tunaolima hutoa karajinani, jeli ya aina nyingine; agari hutoka kwenye mwani mwingine. Joto la Desemba Mtwara huilegeza gelatini kabla sijamaliza kazi, kwa hiyo bakuli hukaa kwenye friji ya wafanyakazi, limeandikwa SI CHAKULA kwa wino mwekundu. Wiki jana nimekuta alama ya kijiko.