Mtoto Ambaye Hajaanza Kutembea Hahitaji Viatu

Viatu vya kwanza vya mtoto mara nyingi hununuliwa kabla hata hajaweza kukaa. Vingine huja kama zawadi wiki anapozaliwa, vidogo na vizuri, na hakuna ubaya kumpenda mtoto kwa namna hiyo. Kinachotutia wasiwasi sisi tunaohudumia watoto ni imani iliyojengeka juu ya viatu hivyo: kwamba mtoto asipovaa mapema miguu yake itapinda, unyayo utakuwa bapa, au atachelewa kusimama. Wapo wazazi wanaojinyima ili wamnunulie mtoto wa miezi sita viatu vigumu vyenye soli nene, wakiamini wanalinda afya yake.

Mtoto mwenye afya njema ambaye bado hajatembea hahitaji viatu ili miguu yake ikue vizuri. Kiatu hakinyooshi mguu, hakijengi unyayo, wala hakiharakishi hatua ya kwanza. Kazi yake ni moja tu, kukinga. Kwa hiyo kila unapotaka kumvisha, jiulize: hapa tulipo, kinamkinga na nini? Kama ni baridi, mfunike miguu. Kama hakuna cha kumkinga, mwache peku.

Sababu zinaanzia ndani ya mguu wenyewe. Mguu wa mtu mzima, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 26. Kwa mtoto mchanga sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu, tishu inayopindika kama ile unayoigusa kwenye sikio lako. Mfupa wa kisigino na ule ulio juu yake huwa vimeshaanza kuwa vigumu mtoto anapozaliwa. Lakini ule ulio kwenye kilele cha upinde wa ndani wa unyayo huwa gegedu tupu, na kwa watoto wengi hauonekani kwenye picha ya eksirei mpaka wafike miaka miwili au mitatu. Kazi ya kugeuza gegedu kuwa mfupa huendelea hadi miaka ya ujana. Wakati huohuo mguu unarefuka kwa kasi: msichana akifikisha mwaka mmoja hivi, na mvulana mwaka mmoja na nusu, unyayo huwa umeshafika nusu ya urefu utakaokuwa nao ukubwani. Ukiweka pamoja ulaini huo na kasi hiyo, utaona kwa nini kiatu kilichomtosha vizuri miezi miwili iliyopita kinaweza kuwa kinambana leo bila yeyote kugundua. Mguu laini huingia popote unaposukumwa, na mwenye mguu bado hajui kusema.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajaambiwa, na kwangu ndilo zito zaidi. Unyayo ni kiungo cha kuhisi. Ngozi yake ina miisho mingi ya neva inayopokea mguso, mgandamizo na mtikisiko, na ubongo hutumia taarifa hizo kujua mwili umeegemea wapi. Mtoto huanza kuutumia mapema sana. Bonyeza taratibu chini ya vidole vya mguu vya mtoto mchanga, vitajikunja vikitaka kukushika. Amezaliwa na itikio hilo, na hufifia kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza, mguu unapojiandaa kubeba uzito. Akifika miezi mitano au sita huishika miguu yake, huivuta, huitia mdomoni. Akianza kutambaa husukuma sakafu kwa vidole vya mguu na kujifunza ipi inateleza na ipi inashika. Kwa hiyo yule anayevua soksi kila unapomvisha usimwone mtundu; anajifunza mwili wake.

Mtazame pia mtoto anayesimama dede huku ameshikilia kiti. Akiwa peku utaona kazi inavyofanyika pale chini: vidole vinatanuka, vinakandamiza sakafu mpaka rangi inabadilika karibu na kucha, vinalegea, kisigino kinanyanyuka kidogo kisha kinatua, uzito unahama kutoka mguu huu kwenda ule. Akiyumba kulia, ukingo wa nje wa mguu wa kulia unagandamizwa, naye anajirudisha. Sasa mvishe viatu vya soli ngumu arudie. Vidole vimefungiwa, soli haikunjiki, na inambidi atafute mizani kwa magoti, nyonga na mikono. Atasimama tu, maana watoto wana bidii, lakini amenyimwa sehemu ya taarifa alizokuwa akizitegemea.

Wasiwasi tunaoletewa mara nyingi zaidi ni wa unyayo bapa. Ukweli ni kwamba karibu watoto wote wadogo huonekana kuwa na nyayo bapa. Chini ya upinde wa ndani kuna pedi ya mafuta inayoujaza, na kano zao bado zimelegea. Upinde hujitokeza polepole, kwa wengi katika miaka ya kwanza sita, kwa wengine hata kuelekea miaka kumi. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto wenye nyayo bapa laini, yaani zinazokunjika bila shida, kwa miaka mitatu au zaidi. Baadhi walivalishwa viatu maalumu vya kurekebisha au kuwekewa kitu cha kuinua upinde ndani ya kiatu, na wengine hawakupewa chochote cha aina hiyo. Mwishoni nyayo zilikuwa zimeboreka katika makundi yote, bila tofauti ya maana kati ya waliotibiwa na wasiotibiwa. Miaka mitatu baadaye ukatoka utafiti wa India uliochunguza watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13: wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6 kati ya wanaovaa viatu, na asilimia 2.8 kati ya wanaotembea peku. Hao walikuwa watoto wakubwa, na uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba viatu ndivyo vilivyosababisha. Lakini kwa mzazi anayeogopa kwamba kukosa viatu kutamletea mwanawe unyayo bapa, takwimu hizo zinatosha kumtuliza.

Matege nayo husingiziwa kukosa viatu. Watoto wengi huwa na matege kidogo tangu kuzaliwa, na hunyooka karibu na miaka miwili. Baadaye, kwenye miaka mitatu au minne, magoti huelekea kugusana, kisha hukaa sawa kabla ya miaka saba au nane. Mwendo huo ni wa kawaida, na kiatu hakiubadilishi. Matege yanayozidi baada ya miaka miwili, au yaliyo upande mmoja tu, yanahitaji daktari, kwa sababu mojawapo ya vyanzo vyake ni upungufu wa vitamini D, ambao hutibika kwa dawa na lishe.

Kuhusu kutembea mapema, Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya watoto wenye afya waliofuatiliwa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu wote walianza kutembea bila kushikwa wakiwa na umri kati ya miezi 8.2 na 17.6. Angalia upana wa kipindi hicho: zaidi ya miezi tisa, na wote ni wazima. Mtoto wa jirani akitembea na miezi tisa na wako akafika miezi kumi na tano, huenda hakuna aliyekosea popote. Kinachomfundisha mtoto ni kurudia. Watafiti waliowahesabia hatua watoto wa miezi 12 hadi 19 wakiwa katika mchezo huru walipata wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Kwa mtoto wa umri huu tunashauri nafasi sakafuni iliyo safi na salama, na fanicha nzito isiyopinduka ya kushikilia. Vigari vya magurudumu anavyokalishwa ili "afundishwe kutembea" havifundishi, na vimewaumiza wengi kwa kuwaangusha kwenye ngazi na kuwafikisha kwenye moto na maji moto. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Kukiwa na baridi, soksi zinatosha, au viatu laini vya kufuma ambavyo kwa kweli ni soksi nene tu. Ziwe na nafasi ya vidole kucheza. Ukimvua na kukuta alama nyekundu ya kubanwa inayokawia kupotea, ni ndogo. Kwa anayejaribu kusimama kwenye sakafu laini, soksi tupu huteleza. Afadhali peku, au soksi zenye vitone vya mpira chini. Vitufe, shanga na maua yaliyobandikwa kwenye viatu viondolewe, kwa sababu miguu ya umri huu huishia mdomoni.

Naomba jambo hili lisikupite: kabla ya kumvisha soksi, zigeuze ndani nje uzikague. Unywele mmoja wa mama au uzi uliofumuka unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, ukakaza kadiri mtoto anavyotikisa mguu, na kuzuia damu. Mtoto analia bila sababu inayoonekana, homa hana, ameshiba, na hakuna anayefikiria kutazama ndani ya soksi. Kidole kinavimba, kinakuwa chekundu kisha cha zambarau, na unywele wenyewe umezama kwenye ngozi usionekane. Ukikuta hali hiyo na huwezi kuutoa unywele mara moja na wote, mkimbize hospitali. Kidole kinaweza kupotea.

Nje ya nyumba wengine huona kiatu ni lazima hata kwa anayetambaa. Fikiria kwanza anavyotambaa: anagusa chini kwa viganja na magoti. Viluwiluwi vya minyoo ya safura vilivyo kwenye udongo wenye kinyesi hupenya ngozi ya mkono sawasawa na ya mguu, na sakafu yenye joto kali huunguza kiganja kabla ya unyayo. Kiatu hakitamlinda na hayo. Tandika mkeka, chagua mahali safi penye kivuli, mnawishe akimaliza.

Viatu vinaanza kuwa na maana pale anapotembea mwenyewe na kutoka nje, kwenye mawe, miiba, vigae na uchafu. Ndani ya nyumba aendelee peku. Unapochagua, mpime akiwa amesimama, kwa sababu mguu hutanuka ukibeba uzito, na upime miguu yote miwili. Kiatu kifuate ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Kikunje kwa mkono mmoja: kikunjike kirahisi pale vidole vinapoanzia, siyo katikati ya unyayo. Kiwe chepesi, soli bapa isiyo na kisigino, mbele pana, na kifungwe kwa kamba au mkanda ili asilazimike kukunja vidole kukizuia kisichomoke. Shingo ndefu ngumu ya kushika kifundo haihitajiki kwa mtoto mzima. Misuli yake ndiyo inayojifunza kazi hiyo. Viatu vilivyokwisha kuchukua umbo la mguu wa mtoto mwingine viache. Halafu pima tena kila baada ya miezi miwili au mitatu, hata kama viatu bado vinang'aa.

Yote niliyosema yanamhusu mtoto mwenye miguu mizima. Wapo wanaozaliwa na mguu kifundo, unyayo umegeukia ndani na chini na hauwezi kunyooshwa kwa mkono. Hawa huanza kufungwa plasta katika wiki za kwanza, hubadilishiwa kila wiki, kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, karibu muda wote kwa miezi mitatu ya kwanza, baadaye wakati wa kulala hadi miaka minne au zaidi. Viatu hivyo ni dawa. Mzazi anayeviacha kwa huruma, akiona mguu umeshanyooka, mara nyingi hurudi na mguu uliopinda upya, kwa hiyo usipunguze saa za kuvivaa bila kuzungumza na anayemtibu mtoto.

Mpeleke mtoto kliniki pia kama mguu mmoja ni mgumu au hautumii sawa na mwenzake, kama unyayo bapa unauma au haukunjiki, kama anatembea kwa ncha za vidole tu na hateremshi visigino, kama alikuwa akitembea akaacha, au kama ametimiza miezi 18 bila kutembea. Nenda naye akiwa ndani ya nguo nyepesi na umvue soksi, ili anayempima aone miguu yote kuanzia nyonga hadi vidole.